Plastiki inayoshindwa na joto: kufuata dalili mpaka kwenye chanzo

Fundi wa zamu ya usiku aliingia na kipande cha bomba la PVC kirefu kama mkono, akakilaza mezani bila salamu. Ncha moja ilikuwa nyeupe kama maziwa, ncha ya pili rangi ya chai ya rangi. "Mzee, nimeshusha joto mara tatu," akasema. "Nikishusha, linazidi."

Alikuwa anasema kweli. PVC ikipungukiwa na joto ndani ya silinda inakuwa nzito, skurubu inaisaga kwa nguvu zaidi, na msuguano huo unazaa joto lake wenyewe, katikati ya mkondo, mahali ambapo themokapo, yaani kipimajoto kilicho kwenye ukuta wa silinda, haifiki. Skrini inasema nyuzi 175 za sentigredi. Plastiki yenyewe iko juu ya hapo.

Kushusha joto ndiko kunakokimbiliwa na kila mtu kwanza, kuanzia viwanda vikubwa vya Namanve na Jinja hapa Uganda mpaka kwa anayesaga chakavu kwenye kibanda cha mabati Kampala. Mara nyingine kunasaidia. Lakini uvumilivu wa joto umo ndani ya mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu zinazoiunda plastiki, na huko ndiko tunakokwenda hapa.

Kabla ya yote: imelegea au imevunjika?

Haya ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Plastiki iliyolegea ina minyororo mizima. Joto limeipa nafasi ya kuteleza, basi. Ikipoa inakuwa ngumu tena, rangi ni ile ile, harufu hakuna. Kilichoharibika ni umbo. Plastiki iliyovunjika imekatika bondi zake za kemikali. Ikipoa inabaki na rangi mpya, au harufu, au inakatika ukiikunja.

Kata kipande, kichemshe kwenye sufuria dakika kumi, kiache kipoe, kisha kikunje kwa mkono. Kumbuka kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yako yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukisoma jedwali lililoandikwa na mtu wa pwani, tofauti hiyo inaweza kukudanganya.

Kama kililegea kisha kikarudi kigumu, usinunue stabilaiza, ile kemikali ya kuikinga plastiki isivunjwe na joto. Nimeona watu wakiongeza stabilaiza mara mbili kwenye bomba linalojikunja chini ya tanki la sola, na bomba likaendelea kujikunja, sasa likiwa ghali zaidi.

PVC inabadilika rangi

Kwenye mnyororo wa PVC, kila kaboni ya pili imebeba klorini. Vitabuni mnyororo unachorwa safi, lakini ule wa kiwandani una kasoro: huku klorini imekaa jirani na bondi maradufu, kule imekaa kwenye shina la tawi. Hizo ndizo dhaifu. Joto linaing'oa moja, inaondoka na haidrojeni ya jirani, zinatoka pamoja kama gesi ya haidrojeni kloridi. Nyuma inabaki bondi maradufu mpya, ambayo inaidhoofisha klorini inayofuata. Ni sweta iliyoanza kufumuka uzi mmoja. Na ile gesi, ikikosa pa kutokea, inarudi kuharakisha ufumuaji huo huo. Bondi maradufu zikifuatana kama saba hivi, plastiki inaanza kuwa ya njano. Zikizidi, inakwenda kwenye kahawia, halafu nyeusi.

Kwa hiyo usiangalie rangi peke yake. Uliza ilikujaje.

*Ilikuja polepole, sawasawa bomba zima.* Stabilaiza ni kidogo, au haikuchanganyika. Pima upya kabla ya kulaumu kemia. Kwetu stabilaiza ilikuwa ikichotwa kwa kopo la rangi lililokatwa, na kila mmoja akiamini kwamba kopo ni kopo. Ilipokuja mizani tukagundua kwamba kopo lile lile, likisawazishwa kwa rula ile ile, lina uzito tofauti kila tukifungua gunia la shehena mpya, kwa sababu unga mmoja umeshikana na mwingine ni mwepesi kama vumbi la mahindi. Miezi kadhaa ya bomba la njano, na chanzo ni kopo.

*Ilikuwa nyeupe, ghafla ikawa nyeusi.* Hiyo ni tabia ya stabilaiza za kalisiamu na zinki zisizokuwa na uwiano mzuri. Zinki inafanya kazi haraka: inaifuata klorini dhaifu, inaiondoa, na kuweka asidi ya mafuta mahali pake, ndiyo maana bomba linaanza na rangi nzuri. Lakini kila ikifanya hivyo inageuka zinki kloridi, na zinki kloridi ni adui: yenyewe inang'oa klorini kwenye mnyororo. Kazi ya kalisiamu ni kumpokea zinki ule mzigo ili arudi kazini. Kalisiamu ikiisha, zinki kloridi inajaa na mnyororo unaporomoka kwa mpigo, bila hata kupitia njano ya kukuonya. Ukiongeza mchanganyiko ule ule unaongeza na zinki. Ongeza upande wa kalisiamu na wasaidizi wake: hidrotalsiti inayomeza asidi, au mafuta ya soya yaliyotiwa epoksi, ambayo pete zake zinafunguka na kuikamata haidrojeni kloridi.

*Mistari au madoa meusi mahali pale pale kila mita.* Kemia haihusiki. Kuna kona kwenye dai, ile kalibu ya mwisho wa mashine inayolipa bomba umbo, ambako plastiki imekwama inaungua taratibu. Fungua, safisha, ng'arisha. Yaishe.

*Wingu la kijivu kama masizi, lililoanza siku ulipoingiza chakavu.* Hapa watu wengi wanapotea. Chakavu cha zamani mara nyingi kina stabilaiza ya risasi. Ikikutana na stabilaiza ya bati iliyo na salfa, risasi na salfa zinaoana, na mtoto wao ni risasi salfaidi, nyeusi tii. Hakuna kilichoungua. Simamisha chakavu saa moja. Wingu likiondoka umepata jibu. Na kama bomba lako ni la maji ya kunywa, chakavu cha risasi hakina nafasi humo hata kama rangi ingependeza. Ulaya watengenezaji wa PVC waliacha stabilaiza za risasi kufikia mwisho wa 2015, na mabomba yao yanatoka meupe kama kawaida.

*Baada ya umeme kukatika.* Hili mnalijua. Skurubu imesimama, hita zimezimika lakini chuma bado kina nyuzi 185, na PVC iliyo ndani ya dai imekaa kwenye gesi yake yenyewe. Sisi tulijiwekea mpaka wa dakika 15. Umeme ukirudi kabla ya hapo, tunasukuma mara moja kwa kasi ndogo, na gunia la mchanganyiko wa kusafishia liko karibu na hopa, mdomo wa kulishia mashine, muda wote. Mpaka huo ukipita, tunafungua dai. Kuna usiku mmoja tulijipa moyo tukawasha baada ya dakika 40. Kilichotoka kwanza ni moshi wa kuwasha koo, kisha kitu kama makaa, na siku iliyofuata ilikwisha kwa patasi ya shaba.

Ukitaka kujua mchanganyiko wako una uvumilivu kiasi gani kabla hujaupeleka kwenye mashine, kuna kipimo cha zamani kisichohitaji maabara kubwa. Weka PVC kidogo kwenye bomba la kioo, ning'iniza juu yake karatasi iliyotiwa rangi iitwayo Congo red, tumbukiza bomba kwenye mafuta ya nyuzi 200, washa saa. Gesi ya asidi ikianza kutoka, karatasi inageuka kutoka nyekundu kuwa buluu. Linganisha muda wa mchanganyiko wa jana na wa leo. Fanya karibu na dirisha lililo wazi.

Bomba jeupe, zima, lakini linajikunja

PVC ya kawaida inaanza kulegea karibu na nyuzi 80. Sola ya juu ya paa mchana wa Januari inaweza kuvuka hapo, na ndipo simu za wateja zinapoanza. Chokaa zaidi italifanya bomba liwe gumu likiwa baridi, lakini haisogezi sana ile nyuzi ya kulegea.

Kinachoisogeza ni kuubadilisha mnyororo: kuongeza klorini. PVC ina klorini asilimia 56.7 ya uzito wake. Ikiongezewa mpaka kati ya asilimia 63 na 69 inakuwa CPVC, na atomi hizo kubwa zinauzuia mnyororo kujigeuza, hivyo inalegea karibu na nyuzi 110. Ndiyo maana inabeba maji ya nyuzi 93. Klorini haiongezwi kiwandani kwako. Unanunua resini, yaani plastiki ghafi, iliyokwisha kutengenezwa. Jua tu kwamba inadai stabilaiza zaidi na dai lisilo na kona, kwa sababu mashine lazima iwe na joto zaidi na klorini ya kung'oka ni nyingi zaidi.

Polietilini iliyounganishwa, lakini haijaiva

Hapa ndipo panaponipa kazi nyingi zaidi.

Polietilini inayeyuka kama nta. Ukitaka waya au bomba lisiloyeyuka, unajenga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo mpaka zote zinakuwa wavu mmoja. Wavu hauwezi kutiririka. Kwa waya faida ni kubwa: uhami (ganda la waya) wa PVC unaruhusiwa nyuzi 70 mfululizo, wa polietilini yenye madaraja nyuzi 90, na wakati wa shoti unavumilia 250 kwa sekunde chache. Madaraja yanajengwa kwa peroksidi peke yake, kwa mionzi, au kwa silani. Njia ya silani ndiyo inayofaa mwenye mtaji mdogo, kwa sababu inatumia ekstruda ya kawaida, mashine ile ile ya skurubu na silinda, na maji ya moto.

Inakwenda hivi. Peroksidi kidogo, asilimia 0.1 au chini, inavunjika kwenye joto na kunyang'anya mnyororo haidrojeni. Mahali palipoachwa wazi silani inapandikizwa, kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito. Baadaye, bidhaa ikishapata umbo, maji yanapenya, yanazigeuza ncha za silani, na ncha mbili zikikutana zinafunga daraja la silikoni, oksijeni, silikoni. Kichocheo cha bati kinaharakisha. Methanoli inatoka, kwa hiyo chumba cha kuivishia kiwe na hewa.

Kipimo ni cha kuning'iniza. Kata ukanda wa uhami, uning'inize kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 15 ukiwa na mzigo wa nyutoni 20 kwa kila sentimita mraba. Ukanda wa upana wa milimita 4 na unene wa milimita 1 unabeba gramu 82 hivi. Tulitumia karanga kwenye mfuko wa kaveera, tukipima kwa mizani ya dhahabu, mpaka tukachongewa uzito wa shaba. Usirefuke zaidi ya asilimia 175. Ukitolewa mzigo na kupoa, usibaki umerefuka zaidi ya asilimia 15.

Ukirefuka mpaka ukagusa sakafu ya oveni, usibadilishe fomula kwanza. Rudisha ukanda mwingine wa waya ule ule kwenye maji ya moto kwa saa 24, kisha uuning'inize tena.

Ukipita safari hii, tatizo ni muda na maji. Maji hupenya plastiki taratibu, na muda unakua kwa mraba wa unene: ukuta ukiwa mnene mara mbili unadai muda mara nne. Mtu anapotoka kwenye waya wa nyumba kwenda kwenye kebo nene bila kubadilisha ratiba ya birika, anapakia kebo mbichi kwenye lori. Angalia pia joto la birika lenyewe. Birika letu lilikuwa na nyuzi 90 juu na 60 chini, kwa sababu pampu ya kuzungusha ilikuwa imekufa na hakuna aliyeona kwa vile maji ya juu yalikuwa yanafuka.

Ukishindwa vile vile, kosa liko kabla ya maji: kichocheo hakikuingia, au upandikizaji haukufanyika. Kuvitenganisha ni rahisi. Chukua punje zilizopandikizwa, zichanganye kwa mkono na kichocheo kutoka gunia jipya, zikandamize ziwe karatasi nyembamba, ziivishe. Zikiiva, kichocheo cha kwanza kilikuwa kibovu au kilisahaulika. Zisipoiva, silani haikushika, na hapo ninauliza maswali matatu. Peroksidi ilihifadhiwa wapi? Ikiwa chini ya mabati kwenye jua, imechoka. Joto la silinda lilitosha? Peroksidi ya dikumili, inayotumika sana, inahitaji karibu nyuzi 170 ili nusu yake ivunjike kwa dakika moja. Chini ya hapo inapita bila kufanya kazi. La tatu ndilo linalowashangaza wengi: nani alitia antioksidanti mapema? Fenoli zinazolinda plastiki zinafanya hivyo kwa kuzinywa radikali huru, zile vipande vya molekuli vyenye njaa ya kushika kingine, na radikali huru ndizo tunazozitegemea kupandikiza. Umeweka mlinzi mlangoni, akamzuia fundi uliyemwita mwenyewe.

Dalili ya kinyume ni chunusi: waya unatoka na vijipunje, au dai linaziba. Imeiva ndani ya mashine, kabla ya wakati. Kwetu hutokea zaidi Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na anayesababisha ni mvua. Punje zilizopandikizwa huja kwenye mifuko ya karatasi ya alumini kwa sababu hiyo. Ukifungua mfuko asubuhi na kuumaliza kesho yake, hewa ya Kampala imekwisha kukuanzishia kazi. Mkosaji wa pili ni rangi nyeusi ya masizi, ambayo inafyonza maji vizuri sana. Ikaushe kabla, kila mara, hata kama gunia linasema imekaushwa.

Kwa mabomba ya maji ya moto, kipimo kingine ni kuchemsha vipande kwenye zailini na kupima kilichobaki bila kuyeyuka. Bomba la silani linatakiwa libakize angalau asilimia 65. Zailini inawaka, na mvuke wake si wa kuchezea. Wapelekee wenye maabara.

Beseni au kiti kinakatika baada ya miezi michache

Polipropilini ina haidrojeni moja dhaifu kwenye kila kaboni ya pili. Joto la mashine linaing'oa, oksijeni inaingia, mnyororo unakatika. Kila mara unaposaga na kuyeyusha tena, minyororo inafupika. Utaiona kwanza kwenye kalibu: plastiki inakimbia kama maji, inavuja pembeni na kuacha mikia. Beseni litatoka zuri, ila ukilidondosha sakafuni baada ya miezi linagawanyika.

Jerikeni la njano la lita 20 ni kisa kingine. Ni polietilini, na polietilini ikichoka mara nyingi minyororo yake inashikana na kuwa nzito badala ya kukatika. Anayechanganya jerikeni na viti vya zamani ana wagonjwa wawili wanaovuta pande mbili, na maji hayawezi kumsaidia kuvitenganisha kwa sababu vyote vinaelea.

Dawa ni jozi: fenoli inayozima radikali na fosfaiti inayoharibu peroksidi kabla hazijavunjika, kwa kawaida asilimia 0.1 hadi 0.2 kila moja. Ziingie mapema kwenye hopa. Mnyororo uliokwisha kukatika haurudi. Kama bidhaa inagusana na shaba, kwa mfano sehemu yenye nati ya shaba ya njano, antioksidanti ya kawaida inaisha haraka, kwani shaba inachochea kuharibika. Omba ile yenye kifungia metali. Na kama kilichovunja kiti ni jua la uani, hayo ni maradhi ya mwanga, yana dawa zake.

Ikiwa malalamiko ni kulegea, si kukatika, polipropilini inaweza kubebeshwa nyuzi za kioo. Lakini kioo peke yake hakishikani nayo. Ni kama kokoto kwenye nta. Inayoshika ni polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, asilimia chache tu, inayoshikana na kioo upande mmoja na plastiki upande wa pili. Ikiwa na kioo asilimia 30 kilichoshikwa vizuri, joto la kupinda chini ya mzigo linapanda kutoka karibu nyuzi 60 mpaka 140 na zaidi.

Chupa ya PET ya juisi inasinyaa

Imelegea: PET inaanza kulainika karibu na nyuzi 75, na wewe umejaza juisi ya 85. Inahitaji chupa iliyofanyiwa ufuwele, yaani minyororo yake ikapangika sawasawa, kwenye kalibu ya moto. Lakini kama chupa inavunjika, shuku unyevu. PET yenye maji ikiyeyushwa inakatwa na maji hayo hayo. Ikaushe kwenye nyuzi 160 hivi kwa saa nne hadi sita, maji yabaki chini ya sehemu 50 kwa milioni. Chakavu kilichokwisha kukatika kinaweza kurefushwa kwa viunganishi vya epoksi, ila kidogo kidogo; ukizidisha unapata mabonge.

Harufu inayochoma macho kwenye mashine ya gia na vishikizo

Ukisikia hiyo, ondoa watu kwanza. Polioksimethilini, ile nyeupe ngumu ya gia, inafumuka kuanzia nchani, kipande kwa kipande, na kila kipande ni formaldehaidi. Watengenezaji huzuia hilo kwa kuziba ncha za mnyororo kwa asetati, au kwa kupachika vipande vya etilini oksidi katikati ili ufumuaji ukwame hapo. Kizuizi hicho hakihimili asidi, na PVC inatoa asidi. Hizi mbili hazikutani kamwe: si kwenye hopa, si kwenye chakavu, wala si kwenye silinda iliyosafishwa kwa haraka kati ya kazi mbili. Zikikutana gesi inajaa kwa nguvu ya kurusha plastiki ya moto kupitia nozeli. Zima hita, irudishe silinda nyuma, mbali na kalibu, usisimame mbele ya nozeli, fungua milango, na mabonge yanayotoka yatumbukize yote kwenye ndoo ya maji.